Mkanda wa Gari Juu ya Kovu

Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kifua, bega au tumbo hachukui muda mrefu kugundua kwamba gari limetengenezwa kwa ajili ya mwili usio na kidonda. Mlango unafunguliwa kwa mkono ule ule uliokatazwa kunyanyuliwa, kiti kinamzamisha, na mkanda wa usalama, ambao zamani aliufunga bila hata kuuwaza, unapita pale pale penye nyuzi. Kwangu ulipita juu ya kovu. Niliondolewa titi la kulia pamoja na tezi kadhaa za kwapani kwa sababu ya saratani, na gari ninaloendesha lina usukani upande wa kulia, kwa hiyo mkanda wa dereva hushuka kutoka bega la kulia, hukatiza kifua na kuishia kwenye nyonga ya kushoto. Laiti ugonjwa ungechagua upande wa pili, au gari langu lingekuwa la usukani wa kushoto, pengine nisingekuwa na la kuandika.

Maumivu yenyewe yalikuwa ya namna mbili, na ilifaa kuyatenganisha mapema kwa sababu hayana dawa moja. Kulikuwa na maumivu ya ukingo: upande mmoja wa mkanda ulikuwa ukikaa katika mkunjo wa mbele wa kwapa, na kila nilipogeuza usukani kushoto ulikuwa ukisugua hapo, kidogo kidogo, mpaka baada ya mwendo mfupi tu nikawa ninaendesha huku bega nimelikunja. Na kulikuwa na maumivu ya ngozi yenyewe, ile ngozi iliyo karibu na kovu ambayo ina ganzi na papo hapo inachoma, hali ambayo wale ambao mishipa yao midogo ya fahamu imekatwa wakati wa upasuaji wataielewa bila maelezo. Ganzi hiyo ina hila yake, kwa kuwa mkanda unaweza kukuchubua usijue, ukaja kuona wekundu jioni unapobadilisha nguo.

Ushauri nilioupata kwa watu wa karibu ulikuwa mmoja, na ulitolewa kwa wema kabisa: nenda kwa daktari akuandikie barua, uiweke garini, na askari wa usalama barabarani akikusimamisha umwonyeshe. Nilipoanza kusoma sheria za nchi mbalimbali niliona kwamba ushauri huo hawakuutoa hewani. Sheria za mkanda si za kale sana. Jimbo la Victoria nchini Australia ndilo lililotangulia, mwishoni mwa mwaka 1970, kulazimisha watu kuufunga, jimbo la New York likawa la kwanza nchini Marekani mwaka 1984, na hadi leo jimbo la New Hampshire halimlazimishi mtu mzima. Lakini kwingi ambako sheria ipo, walioitunga waliacha mlango mdogo kwa wagonjwa. Nchini Uingereza, ambako dereva na abiria wa kiti cha mbele walianza kulazimishwa tarehe 31 Januari 1983, daktari anaweza kutoa cheti cha msamaha, na mwenye cheti anatakiwa akiweke garini, akionyeshe kwa polisi anaposimamishwa, na aiarifu kampuni ya bima ya gari lake. California inakubali uthibitisho wa daktari, ila daktari huyo lazima aeleze hali ya mgonjwa ni ya namna gani na kwa nini mkanda haumfai. Nchi za Ulaya, katika agizo lao la pamoja la mwaka 1991, zilikubaliana kwamba cheti kilichotolewa na nchi mwanachama moja kitambuliwe katika nyingine, na kwamba kionyeshe muda wake wa kutumika.

Ukizisoma sheria hizo kwa pamoja unaona jambo ambalo wale waliokuwa wakinishauri hawakulisema: kuumia hakumsamehe mtu. Kinachomsamehe ni karatasi, na karatasi ina mwenyewe, ina sababu, na aghalabu ina tarehe ya kwisha. Dereva anayemwambia askari kwamba kifua kinamuuma, hata kama anasema kweli tupu, bado hajafunga mkanda na bado amevunja sheria. Niliona pia kitu kingine kilichonifikirisha zaidi. Sheria ya Uingereza inamsamehe dereva anayerudisha gari nyuma, na inamsamehe dereva wa kusambaza mizigo ambaye kutoka kituo kimoja hadi kingine hazidishi mita 50. Watu hao wanakwenda polepole. Mgonjwa mwenye cheti anasamehewa akiwa katika mwendo kamili wa barabara kuu, pamoja na magari yanayomjia kwa kasi kama yake. Msamaha ni mmoja kwa jina, lakini hatari inayobaki haifanani hata kidogo.

Daktari aliyenipasua alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza maswali ambayo sikuyatarajia, na hata moja halikuhusu mkanda. Alitaka kujua kama ninaweza kuzungusha usukani mpaka mwisho kwa mikono yote miwili, kama ninaweza kugeuza kiwiliwili nikatazama nyuma, na kama ninaweza kukanyaga breki kwa nguvu zote bila kushtuka kwa maumivu. Nilimjibu kwamba breki naiweza, lakini usukani unanitaabisha upande wa kulia.

“Basi mama,” akasema, “tuanzie hapo. Mtu ambaye kwa sasa hawezi kustahimili mkanda kifuani hataweza kuushika usukani gari likimponyoka. Nikikuandikia barua leo, nitakuwa nimekuruhusu kuendesha bila mkanda katika kipindi ambacho hupaswi kuendesha kabisa.”

Akaongeza jambo la pili, kwa ule ukavu wa madaktari wa upasuaji ambao mtu huuzoea: “Mbavu zako sijazigusa, na mtulinga wako, ule mfupa unaotoka shingoni kwenda begani, ni mzima. Mkanda umetengenezwa uegemee hapo. Nilichotoa mimi ni nyama iliyokuwa juu yake.”

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya nitafute kujua mkanda unafanya kazi vipi hasa. Mkanda tunaoufunga leo, wenye ncha tatu, ulibuniwa na mhandisi wa Sweden, Nils Bohlin, akiwa katika kampuni ya Volvo, nao ukaanza kuwekwa kwenye magari mwaka 1959. Kampuni hiyo iliiacha hataza yake, yaani haki ya kisheria ya ubunifu, wazi ili watengenezaji wengine waitumie. Ubora wa ubunifu wake ni kwamba mkanda mmoja, unaofungwa kwa mkono mmoja, unalala juu ya mifupa iliyo imara kuliko sehemu nyingine za mbele ya mwili: mtulinga na mbavu upande wa juu, mifupa ya nyonga upande wa chini. Viungo laini, yaani ini, bandama na utumbo, vinaachwa katikati bila kubanwa. Ndiyo maana inapotokea kwamba mtu anaupitisha mkanda chini ya kwapa kwa sababu bega linamuuma, jambo nililoliona kwa wagonjwa wengi niliokutana nao kliniki, anakuwa ameuhamisha uzito wote kutoka kwenye mtulinga na kuupeleka kwenye mbavu za chini, ambazo ni dhaifu na ambazo nyuma yake kuna ini upande mmoja na bandama upande mwingine. Kwa macho ya askari aliye mbali anaonekana amefunga. Gari likigonga, mkanda huo unaweza kumuumiza pale ambapo ungepaswa kumlinda.

Uzito ninaousema si wa kukisia. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao wengi wetu tunauita wa taratibu, likisimama ghafla kwa kugonga ukuta, mwili wa aliyemo una nguvu ile ile ya mtu aliyeanguka kutoka urefu wa takriban mita 10, yaani kama kutoka ghorofa ya tatu. Hakuna mikono inayoweza kujizuia kwenye usukani dhidi ya nguvu hiyo, mizima au migonjwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kufunga mkanda kunaweza kupunguza hatari ya kufa kwa waliomo garini hadi kufikia nusu. Na wale wanaotegemea mfuko wa hewa ulio ndani ya usukani wakumbuke kwamba mfuko huo umekusudiwa kusaidiana na mkanda. Unafura kwa kasi kubwa mno, katika sehemu ndogo ya sekunde, na ukimkuta mtu asiye na mkanda tayari ameinamia usukani, unamgonga usoni na kifuani badala ya kumpokea. Kwa mwanamke aliyetoka kupasuliwa kifua, hilo peke yake lilitosha kuniondolea hamu ya barua.

Hata hivyo sheria na fizikia hazipunguzi maumivu, na ningekuwa mnafiki kama ningeishia hapa. Msaada halisi niliupata kwa mtaalamu wa viungo aliyekuwa akinifundisha mazoezi ya bega, kijana mtulivu ambaye, nilipomweleza habari za mkanda, hakunipa nasaha yoyote bali aliniomba twende nje kwenye maegesho, akanitaka nikae kwenye kiti changu kama ninavyokaa siku zote, na yeye akasimama mlangoni akitazama. Gari halikuwashwa.

Jambo la kwanza aliloliona ni mkono. Nilikuwa nikiuvuta mkanda kwa mkono wa kulia, kwa kuupeleka mkono nyuma ya bega na kuunyanyua, na hilo ndilo tendo ambalo kwapa lililopasuliwa linalichukia kuliko yote. Nusu ya maumivu niliyokuwa nikiyasingizia mkanda yalitokana na kuufuata. Akanionyesha niukamate kwa mkono wa kushoto, ukipita mbele ya kifua, niuvute taratibu mpaka tumboni, halafu mkono wa kulia uupokee chini chini na kuuongoza kwenye kifungio. Taratibu, alisisitiza, kwa sababu kile kibweta kinachouviringa mkanda kina kizuizi kinachokaza mkanda unapovutwa kwa pupa, na mtu mwenye maumivu mkanda ukimkazia huuvuta kwa hasira, ukazidi kukaza.

Jambo la pili lilikuwa mgongo wa kiti. Baada ya upasuaji nilikuwa nimeulaza nyuma zaidi, nikidhani kujilaza kutanipumzisha kifua. Akapitisha kiganja chake kati ya mkanda na mtulinga wangu. Kikapita chote bila kugusa. “Unaona, mama, mkanda haujakushika. Ndiyo maana unatembea na kukusugua.” Kiti kikilazwa, sehemu ya juu ya mkanda huachana na kifua, na ile ya chini hupanda kutoka kwenye nyonga kwenda tumboni, kiasi kwamba katika ajali mwili unaweza kuteleza chini ya mkanda. Tulikisimamisha kiti hatua kwa hatua mpaka mkanda ukalala kifuani wenyewe, na hapo nikashangaa: mkanda uliolala sawasawa uliuma kidogo kuliko ule uliolegea. Mgandamizo ulio tuli na uliotandaa, ngozi yangu ilikuwa tayari kuuvumilia. Msuguano ndio uliokuwa adui.

Halafu tukaja kwenye urefu. Katika nguzo ya mlango, pale mkanda unapotokea juu, magari mengi yana kitelezi ambacho mtu anaweza kukibonyeza na kukishusha au kukipandisha. Changu kilikuwa kimekaa mahali pamoja tangu nilinunue gari. Tulikipandisha kituo kimoja, na ule ukingo ukatoka katika mkunjo wa kwapa na kuhamia katikati ya mtulinga, ambapo ngozi yangu haikuwa na jeraha. Tukakipandisha kingine, ukaanza kugusa shingo, tukakirudisha. Tofauti kati ya mahali pa kuumiza na mahali pa kufaa haikufika upana wa vidole viwili. Gari lisilo na kitelezi hicho halimwachi mtu bila njia, kwa sababu kiti kinachoweza kunyanyuliwa au kushushwa kinabadilisha pembe ile ile; ila baada ya kukibadilisha ni lazima vioo vyote virekebishwe upya, na kifua kisisogee karibu na usukani zaidi ya sentimita 25 hivi, ili mfuko wa hewa upate nafasi ya kufura.

Mwisho alichukua mkanda wenyewe mkononi, akaukunja na kuukunjua. Ulikuwa mgumu kama gamba, umekaukiwa na jasho na vumbi la miaka. Nilikwenda kuusafisha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, bila dawa ya kuondoa madoa kwa kuwa dawa hizo hudhoofisha nyuzi zake, nikauacha ukauke ukiwa umevutwa wote nje. Ulirudi laini. Sijui kwa nini jambo jepesi namna hii haliandikwi katika vikaratasi wanavyotupa hospitali tunapotoka, ambavyo vina aya nzima juu ya vyakula na mstari mmoja tu usemao “usiendeshe gari mpaka uwe tayari”.

Kwa vifaa vinavyouzwa kwa ajili ya watu kama sisi, nina maoni makali kidogo. Ala laini ya kitambaa au ya manyoya inayovishwa mkanda sehemu ya bega haina neno, mradi iwe nyembamba, iteleze yenyewe na isibadilishe njia ya mkanda. Mto mdogo ambao watu waliopasuliwa moyo hupewa waukumbatie wakikohoa, wengi huuweka pia chini ya mkanda wakiwa abiria, na madaktari wao huukubali; lakini mto mnene ni jambo jingine, kwa sababu unaposinyaa wakati wa kugonga unaacha ulegevu, na ulegevu ni mwendo ambao mwili utausafiri kabla ya kushikwa. Vile vibanio vya plastiki vinavyoushikilia mkanda usirudi, ili ukae umelegea kifuani, mimi nisingemruhusu ndugu yangu avitumie. Vivyo hivyo na vile vinavyouvuta mkanda wa bega kwenda chini na kuufunga kwenye ule wa nyonga: vinaondoa shinikizo begani kwa kuupandisha mkanda wa chini tumboni.

Ulipofika wakati wa tiba ya mionzi, ngozi ya kifua iliiva, ikawa nyeusi na laini kupita kiasi, na ikaendelea kuwa mbaya hata baada ya tiba kwisha, kama walivyonionya. Katika kipindi hicho sikuendesha. Niliendeshwa, na hapo ndipo nilipogundua hila rahisi kuliko zote, ambayo naistaajabia mpaka leo kwa namna ilivyo mbele ya macho ya kila mtu. Mkanda wa abiria wa upande wa pili unashuka kutoka bega la pili. Nikikaa kushoto, mbele au nyuma, mkanda unatoka bega la kushoto na kushuka kuelekea nyonga ya kulia, na kovu langu, ambalo liko juu karibu na kwapa la kulia, linabaki huru. Mgonjwa anayeendeshwa na anayeweza kuchagua kiti anaweza, kwa kubadilisha upande tu, kuondoa tatizo ambalo mwingine analiombea barua ya daktari. Shemeji yangu, aliyewekewa betri ya moyo chini ya mtulinga wa kushoto, alikuwa na hali iliyo kinyume na yangu: kwenye usukani wa kulia hakusikia chochote, lakini alipokaa kiti cha abiria mkanda ulilala juu ya kile kifaa. Tukisafiri pamoja ilibidi yeye aendeshe na mimi niwe abiria, na kila mmoja alikuwa mahali pake.

Si kila mwili unapata suluhisho kwa kitelezi. Aliyepasuliwa mfupa wa kidari kwa ajili ya moyo yuko katika hali tofauti na yangu, kwa kuwa kwake ni mfupa wenyewe uliokatwa, na wiki za kutoendesha anazopewa ni za kuungana kwa mfupa, ingawa akiwa abiria bado anaambiwa afunge. Mwenye tundu la choo tumboni, anayetumia mfuko, anahitaji kuhakikisha kwamba mkanda wa chini unapita chini ya tundu, juu ya mifupa ya nyonga, jambo ambalo kwa wengi linawezekana na kwa wachache halipatikani kwa sababu ya mahali daktari alipolazimika kulitoboa. Mjamzito hana msamaha kwa ujauzito peke yake katika sheria nyingi, naye hufunga mkanda wa chini chini kabisa ya tumbo, na ule wa juu kati ya matiti na pembeni mwa tumbo.

Na wapo ambao kwao msamaha ni haki yao. Namkumbuka mzee mmoja tuliyekuwa tukikutana naye kwenye mazoezi, ambaye uti wa mgongo ulikuwa umempinda kiasi kwamba, vyovyote kiti kilivyowekwa, mkanda ulimpita kooni. Alijaribiwa kila kitu kabla ya daktari wake kumpa cheti, nacho kilikuwa cha muda, cha kurudiwa kuangaliwa. Alinisimulia kwamba kilichomchosha hakikuwa kuendesha bila mkanda bali kusimamishwa. Kila askari alikuwa na adabu, alisema, lakini kila askari alitaka kujua anaumwa nini, akiuliza dirishani huku abiria wake wakisikiliza. “Binti yangu, sheria imeniruhusu, lakini kila safari naomba ruhusa upya.” Alikuwa amejizuilia safari za usiku na za barabara kuu kwa hiari yake, ijapokuwa cheti hakikumtaka afanye hivyo, kwa kuwa, kama alivyosema, karatasi aliyonayo ni ya kumwonyesha polisi na hawezi kuionyesha roli. Nilimheshimu kwa hilo kuliko ningemheshimu kwa kulalamika, na nadhani madaktari wangetoa vyeti kwa moyo mkunjufu zaidi kama kila aliyepewa angekuwa na hesabu ya namna yake.

Tangu hapo wanawake waliopitia upasuaji kama wangu wakiniuliza kuhusu barua, huwa ninawajibu kwa swali: umeshakaa garini na mtu mwingine akakutazama? Wengi hawajafanya hivyo. Wanaeleza maumivu wakiwa kwenye kiti cha ofisi ya daktari, daktari naye anaamua akiwa kwenye kiti chake, na gari liko nje limefungwa. Kwa wale ambao ninaweza kuwafikia, ninakwenda, ninasimama mlangoni, ninapitisha kiganja kati ya mkanda na mtulinga kama nilivyofanyiwa. Baadhi yao inatosha. Baadhi inawabidi wasubiri wiki nyingine kadhaa wakiendeshwa, upande ulio mzuri kwao. Mmoja wao nilimshauri arudi kwa daktari bila kukawia, kwa sababu uvimbe wa mkono alioudhani umeletwa na mkanda ulikuwa wa mkono mzima mpaka vidoleni, na uvimbe kama huo baada ya kutolewa tezi za kwapani una matibabu yake unapowahiwa.

Nilipofika wakati wa kubadilisha gari, muuzaji alianza na injini, kama wanavyoanza wote. Nilimwomba anisubiri, nikaketi, nikasimamisha kiti, nikavuta mkanda kwa mkono wa kushoto. Katika gari la kwanza nguzo haikuwa na kitelezi na kiti hakikupanda, na mkanda ukaangukia kwapani pale pale. Katika la pili kitelezi kilikuwepo, lakini kifungio kilikuwa kimezama kati ya viti kiasi kwamba ilibidi niinamie upande ili kukifikia. La tatu lilikuwa na rangi nisiyoipenda na viti vya kitambaa kinachoshika uchafu. Mkanda wake ulilala katikati ya mtulinga tangu mara ya kwanza, ukashuka kati ya kifua bila kugusa kovu, na kifungio kikaitika kwa mkono mmoja. Muuzaji aliniuliza kama sitaki kulijaribu barabarani kwanza. Nikamwambia tutalijaribu, ila bei tunaweza kuanza kuizungumza.